Vidukari wa Mgomba na Vidukari wa Magimbi

Someni kwanza neno la leo: ki-du-ka-ri. Mmoja ni kidukari, wengi ni vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta.

Ninyi wa Mwamgongo, funueni ganda la chini la mgomba mchanga. Mtawakuta humo, wadogo, weusi, wamebanana, na sisimizi wakiwalinda kwa ajili ya maji matamu wanayotoa. Mdomo wa kidukari ni kama sindano. Huuchoma katika mgomba akanyonya utomvu. Jike huzaa bila dume, ndiyo maana huongezeka upesi.

Je, hawa walio katika magimbi ni hao hao? Kwa macho utasema ndio. Hata wataalamu kwa muda mrefu waliwahesabu kuwa mdudu mmoja. Mwaka 2010 ndipo walipowatenganisha kuwa aina mbili: mmoja wa mgomba, mwingine wa magimbi, tangawizi na iliki. Kila mmoja hustawi na kuzaa vizuri zaidi kwenye mmea wake.

Jambo hili latuhusu sana, maana kidukari hueneza ugonjwa mbaya wa migomba. Majani mapya hutoka mafupi, membamba, yamesimama wima na kusongamana kileleni. Mgomba ulioupata ukiwa mchanga hauzai mkungu. Jirani zetu wa Burundi waliujua ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na katika miaka ya 2020 ukathibitishwa mkoani kwetu Kigoma.

Basi, tung'oe magimbi? La, ndugu zangu, hicho ni chakula. Ni kweli, huko Hawaii imeonekana kwamba kidukari wa magimbi naye aweza kuupitisha ugonjwa, lakini hafifu kuliko mwenzake wa mgomba. Tena kidukari hazaliwi nao; huupata kwa kunyonya mgomba mgonjwa.

Hatari kubwa zaidi ni mche. Kidukari huruka mwendo mfupi, lakini mche hupanda mashua. Ndugu yako akikuletea mche kutoka mahali penye ugonjwa, mshukuru, ila usiupande. Na ukiuona mgomba wa namna niliyoeleza, mwite bwana shamba. Vidukari wauawe kwanza, wasihamie kwa jirani, ndipo shina zima ling'olewe pamoja na machipukizi yake yote, hata yale yanayoonekana mazima.

Sasa andikeni katika madaftari: mgomba, gimbi, mche, kidukari.