Hom thieta, Radi na Kitambaa cha Kufuma

Leo ni zamu ya hom thieta, ile mashine ya spika tano na sabufa yake.

Adui wake mkubwa huku Ufipa ni radi, hasa msimu wa mvua. Ngurumo ikisikika hata kwa mbali, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa plagi ukutani, kisha chomoa na waya wa dishi au antena, maana radi hupita huko pia. Wengi huusahau huo wa pili, halafu lawama anabeba fundi. Umeme ukikatika, chomoa vilevile. Ukirudi, subiri dakika chache utulie.

Na kile kitambaa cha kufuma mlichoitandikia mashine, mama, kitoeni. Yale matundu ya juu ndiyo pua yake.

Spika ikiungua, usinunue yoyote tu. Geuza ya zamani, usome namba iliyo kando ya alama ya Ω, yaani omu. Mashine iliyotengenezewa omu 8 ukiipa spika ya omu 4, mkondo huongezeka karibu maradufu, na mashine huchemka hadi kuungua.

Na kwenye kuzipanga, spika ya katikati, inayotoa maneno ya filamu, ikae chini ya TV. Mbili za nyuma ziende nyuma ya makochi kweli, zisirundikwe kabatini kwa urembo. Sabufa nayo iondoe kwenye kona: mvumo utapungua, na jirani atapata usingizi.