Safari ya Pole kutoka Khuwair ya Kusini

Mgeni anayefikia Khuwair ya Kusini, mtaa wa maduka na majengo ya kupangisha mjini Muscat, huambiwa kuwa Nizwa ni safari ya siku moja. Ni kweli: ni kiasi cha kilomita 160 kwa barabara pana. Lakini kwa Mswahili haraka hiyo ni hasara, kwani katika majumba ya Omani ya ndani imo sehemu ya historia ya kwao.

Mfano ni kasri la Jabrin, karibu na Bahla. Imamu Bil'arab bin Sultan, wa ukoo wa Yaarubi, alilijenga katika karne ya 17, na dari zake zikapambwa kwa nakshi na maandishi. Ghorofani kuna chumba alimofungwa farasi, na kuna ghala la tende lenye mifereji ya kukinga asali yake. Humo Imamu alizingirwa na nduguye, Saif bin Sultan, na humo akafariki na kuzikwa. Saif huyo huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Mombasa kwa karibu miaka 3, hata mwaka 1698 Ngome ya Yesu ikawatoka Wareno. Mtu wa Mombasa anayeipitia Jabrin huku dereva akipiga honi nje ataondoka na picha tu.

Basi zitengwe siku 4, kati ya Novemba na Februari, maana wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Usiku wa Alhamisi ulalwe Nizwa, ili asubuhi ya Ijumaa uonekane mnada wa mbuzi. Baada ya Bahla na Jabrin, njia ya Sinaw humfikisha msafiri Ibra, mlangoni pa jangwa la Sharqiya. Mchangani haingii ila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, matairi yakiwa yamepunguzwa upepo, tena pamoja na mwenyeji.

Hata hivyo, kabla ya mchanga kuna Minzfah, mtaa wa kale wa Ibra. Majumba yake ya matajiri yalijengwa kwa mali ya biashara ya Afrika Mashariki: pembe, karafuu na, jambo lisilofaa kufichwa, watumwa. Mengi yamebomoka.

Jumba lipi lilikuwa la nani, na nani alisafiri kwenda Unguja, ni mambo yanayokaa zaidi vichwani mwa wazee. Miongoni mwao wamo waliozaliwa Zanzibar, wakahamia Omani baada ya Mapinduzi ya 1964, au baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Kiswahili chao bado chasikika Muscat, lakini umri umekwenda. Kwa hiyo anayepanga safari hii aanze kwa kumtafuta mzee wa namna hiyo na kuketi naye, kabla hata ya kukodi gari, aulize jina la kijiji na la mwenye nyumba, na ayaandike.