Hewa ya Mji Wetu Wakati wa Kiangazi na Wakati wa Masika
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kila mkaaji wa Muhoroni analijua kwa pua yake, lakini ambalo halionekani katika taarifa zetu. Taarifa zetu husema juu ya karo, mazishi na mifereji ya maji. Hewa haina risiti, na kitu kisicho na risiti ni taabu kukiingiza katika vitabu.

Mwajua mahali tulipo. Mbele yetu ni nchi tambarare ya Kano inayoshuka mpaka ziwani. Nyuma yetu imesimama milima ya Nandi na Tinderet. Mchana upepo hutoka ziwani na kuutawanya moshi. Usiku mambo hugeuka. Hewa baridi huteremka kutoka milimani na kutulia bondeni kama maji katika bakuli, na hewa yenye joto hukaa juu yake mfano wa kifuniko. Moshi wa moto uliowashwa jioni hukosa njia ya kutokea. Kwa hiyo asubuhi za Januari, watoto waendapo shule, ule ukungu wauonao njiani si ukungu mtupu.

Watu wengi hulalamika juu ya majivu meusi yanayoanguka juu ya nguo zilizoanikwa baada ya shamba la miwa kuchomwa. Akina mama wana haki ya kulalamika, maana sabuni hainunuliwi kwa maneno. Lakini majivu yale ni makubwa, pua huyazuia. Linalodhuru zaidi ni lile lisiloonekana. Chembe ndogo za moshi, ambazo wataalamu huzipima kwa maikromita 2.5 au pungufu, ni nyembamba hata 20 au zaidi zaweza kupangwa ubavu kwa ubavu katika upana wa unywele mmoja. Hizo hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango lilichokishauri, kwa wastani wa mwaka mzima, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Basi, je, tupige marufuku moto mashambani? Hapa twaomba tusikilizwe kwa subira, kwa kuwa ndugu zetu wakata miwa wameketi pamoja nasi. Mkataji hulipwa kwa tani. Majani makavu ya muwa hukata ngozi kama wembe na huficha nyoka. Yakiisha kuungua, panga huenda upesi na mshahara huongezeka. Anayedai miwa ikatwe mbichi, wala asiseme ni nani atakayelipa ile tofauti, anawatoza maskini gharama ya hewa ya watu wote. Kwa upande mwingine, mkulima apaswa kukumbuka kwamba muwa uliokwisha kuungua hausubiri: trekta ikichelewa, sukari hupungua siku baada ya siku. Na majani yaliyolazwa kati ya mistari huhifadhi unyevu wa udongo, huzuia magugu, na mwishowe huwa mbolea.

Mvua za Machi hadi Mei zikija, anga husafishwa na vumbi la barabara hulala. Wengi hudhani kwamba shida imekwisha. La, imeingia nyumbani. Kuni zimelowa, jiko lililokuwa uani limehamishiwa ndani, dirisha limefungwa kwa sababu ya manyunyu, na mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mama yake juu ya mafiga. Shirika hilo tulilolitaja lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Sisi wanaume, ambao huingia jikoni kuuliza tu kama chakula ki tayari, twafaa kuitafakari hesabu hiyo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa hiyo Halmashauri imeandika barua kwa wenye mashamba na wasimamizi wa uvunaji. Yaomba kwamba pasichomwe shamba baada ya saa kumi jioni, wala karibu na shule siku za masomo. Kwamba majirani wapewe habari siku iliyotangulia. Na kwamba malipo ya kukata miwa mbichi yapatanwe na wakataji wenyewe kwanza. Kwa majumbani, twapendekeza fedha kidogo za Chama zitumike kujenga vibanda vya kuanikia kuni kabla ya Machi, na kuwasaidia wajane kutoboa matundu ya moshi chini ya paa.

Barua iko mezani pa Katibu, pamoja na kalamu. Wakata miwa wameombwa kuisoma kabla ya wengine kutia sahihi.