SIMAMA NJE YA MLANGO

(Mazungumzo ya mama mlezi wa kikundi, siku ya maadhimisho ya miaka kumi)



Nimepewa dakika ishirini, na Mama Katibu amekwisha kunionya kwamba pilau iko tayari. Kwa hiyo sitazunguka sana. Walionitangulia wameshukuru, taarifa ya fedha imesomwa, na sanduku mnaliona pale mezani na kufuli zake tatu, limevalishwa kanga mpya kama bibi harusi. Nilipoombwa niseme Neno la Mungu linalohusu kazi ya kikundi, nilichagua jambo ambalo si tamu sana kwa siku ya sherehe. Nataka tuzungumze juu ya deni, na hasa namna ya kulidai.

Naona wengine mmeanza kutazama chini. Msiogope, sitamtaja mtu.

Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24, kuanzia mstari wa 10. Hapo Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akimkopesha mwenzake, asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Mdai anatakiwa kusimama nje. Yule anayedaiwa ndiye anayeingia ndani, naye kwa mkono wake anatoka na kitu cha rehani. Na kama ni maskini, na alichotoa ni nguo yake ya kujifunika, mdai asilale nayo; jua likitua, mwenyewe arudishiwe apate kulala. Kitabu cha Kutoka sura ya 22 kinasema jambo hilo hilo na kuongeza kwamba maskini huyo akimlilia Mungu, Mungu atamsikia.

Angalieni habari ya mlango. Sheria hii haisemi usikopeshe, wala haisemi usidai. Mdai ana haki yake, na rehani atapewa. Lakini mlango ni wa mwenye nyumba. Ndani ya mlango ule kuna watoto, kuna kitanda kilichovunjika mguu, kuna chungu kisicho na kitu, kuna mambo ambayo mtu hapendi yaonekane. Mungu anajua kwamba anayedaiwa ana aibu ya kutosha tayari, kwa hiyo anamwachia achague mwenyewe kipi kitoke nje na kipi kibaki.

Sasa tulinganishe na desturi za vikundi vya siku hizi. Siku ya kudai wanakwenda akina mama wangapi? Kumi, kumi na watano, wamevaa sare. Wanaingia mpaka chumbani. Godoro linatoka, sufuria zinatoka, majirani nao wametoka kutazama, watoto wanarudi shule wanakuta mama yao amekaa kwenye kizingiti amejifunika khanga usoni. Na wako wanaopiga vigelegele. Jamani! Kigelegele tulikirithi kwa bibi zetu kwa ajili ya harusi na mtoto aliyezaliwa salama. Nani alikipeleka kwenye godoro la mtu?

Najua jibu lenu. Mtasema, mama, bila kumwaibisha halipi. Nitafika hapo. Kwanza turudi mstari wa 6 wa sura ile ile, maana hapo pana kitu ambacho sisi wanawake tunakielewa kuliko wahubiri wengi. Inakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake. Ninyi mliolelewa na bibi mnayajua mawe ya kusagia ulezi na mtama. Yako mawili, moja kubwa limelala chini, jingine la mkononi linapita juu yake. Ukichukua la juu, hukuchukua nusu ya chombo, umechukua chakula cha nyumba nzima. Ndiyo maana Maandiko yanasema kwamba anayefanya hivyo ameshika uhai wa mtu kuwa rehani.

Jiwe la kusagia la leo ni lipi? Kwa mwenzetu mmoja ni cherehani. Kwa mwingine ni karai la kukaangia mihogo. Kwa mwingine ni friji anayogandishia barafu za kuuza, au baiskeli ya kubebea ndizi. Mtu akikosa marejesho, macho ya kikundi yanakwenda pale pale, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vyenye bei. Tunavipeleka stoo. Halafu wiki inayofuata tunamwuliza mbona hujaleta? Alete kwa kushona na nini?

Sisemi hivi kwa kuwa natetea wasiolipa. Zaburi ya 37 mstari wa 21 inamweka mtu anayekopa asilipe katika kundi la wasio haki, na mimi siwezi kumtoa humo. Fedha ya sanduku hili si ya mwenyekiti wala si ya mfadhili. Ni fedha ya mama aliyeacha kula nyama, ni ya mama aliyeuza kuku wake wa mwisho apate hisa ya wiki. Anayekopa akaenda kununua sofa, kisha akazima simu, anamwibia mwenzake aliyekaa naye benchi moja. Huyo afuatwe! Lakini kwa miaka hii kumi niliyokaa nanyi, wa aina hiyo ni wachache, na kila mtu anawajua kwa majina. Wengi waliokwama, mtoto aliugua, au mvua ilichukua shamba, au mume alipoteza kibarua. Mtu aliyekwama na mtu mwenye ujanja hawafai kugongewa mlango kwa mkono mmoja.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 yuko mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mume alikuwa mcha Mungu, akafa, akaacha deni. (Na hili nalo mliangalie: mtu anaweza kumcha Mungu sana na bado akaacha deni. Si kila mwenye deni ana laana, kama tunavyotishwa siku hizi na baadhi ya wahubiri.) Mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mjane anamlilia Elisha. Elisha hamwaibishi, wala hatoi fedha mfukoni. Anamwuliza: una nini nyumbani? Mama anajibu kwamba hana kitu isipokuwa chupa ya mafuta. Anaambiwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani, visiwe vichache. Akafunga mlango, yeye na wanawe, akamimina. Mafuta yakaendelea mpaka vyombo vilipokwisha. Kisha akaambiwa auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki kiwe cha kuishi yeye na watoto.

Habari hii tumeihubiri mara nyingi kama muujiza wa mafuta, na ni muujiza kweli. Mimi naomba mtazame vitu viwili vingine. Cha kwanza ni ile chupa. Ilikuwa bado iko ndani! Hebu fikirini kama wiki moja kabla wangekuja watu na mkokoteni wakabeba kila kilichomo. Siku Elisha anauliza una nini nyumbani, mama yule angejibu nini? Muujiza ulianzia kwenye kitu kidogo ambacho mdai hakukichukua. Ukimwachia mtu chupa yake, umemwachia Mungu mahali pa kuanzia.

Cha pili ni majirani. Hakuna aliyetoa shilingi. Walitoa vyombo vitupu, pengine mitungi iliyokaa tu uani. Lakini chombo cha jirani ndicho kilichoamua mafuta yatakuwa kiasi gani. Kwa maoni yangu hicho ndicho kikundi cha kwanza cha akina mama katika Biblia, ingawa hakikuwa na katiba wala faini ya kuchelewa. Na mwisho wake deni lililipwa lote, tena kabla ya mama yule kuanza kula kilichobaki. Mdai hakudhulumiwa hata kidogo.

Wadhamini nao nina neno kwao. Mithali sura ya 6 inamwambia mtu aliyejidhamini kwa ajili ya jirani yake asilale usingizi, aende upesi, ajinyenyekeze, ambembeleze mwenzake mpaka jambo liishe. Sisi tunasaini fomu ya mkopo wa mwenzetu huku tunacheka, kisha tunakumbuka siku ya mwisho wa rejesho. Mdhamini ndiye mtu wa kubisha hodi, tena mapema, peke yake, jioni, kabla tarehe haijafika. Biashara ikoje? Unakwama wapi? Hapo kuna siri na kuna heshima. Akija mmoja anayekujua, utamweleza ukweli; wakija kumi na tano, utatokea mlango wa nyuma.

Sasa riba. Najua Mama Mweka Hazina ananiangalia. Nehemia sura ya 5 inasimulia juu ya watu wa Yuda na wake zao walivyopiga kelele kwa sababu ya njaa na kodi ya mfalme. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, na watoto wao walikuwa wanakwenda utumwani, tena kwa ndugu zao wenyewe, si kwa wageni. Nehemia akawaita wakubwa, akawataka warudishe mashamba siku ile ile, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi huielewa sehemu ya mia kuwa asilimia moja kwa mwezi. Tupige hesabu. Kwa shilingi 300,000 hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni 9,000. Vikundi vingi vya kwetu hutoza asilimia kumi kwa mwezi. Kwa mkopo huo huo na miezi hiyo hiyo ni shilingi 90,000.

Mtasema riba yetu haiendi kwa tajiri, inarudi kwetu wakati wa mgao. Ni kweli, na ndiyo tofauti kubwa kati yetu na ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu, ambayo wengi wenu mlijiunga hapa mkiikimbia. Lakini inarudi kwa nani? Inagawanywa kwa hisa. Mwenye kununua hisa tano kila wiki anapata mara tano ya mwenye kununua moja. Na anayekopa kwa shida ya hospitali na ada, mara nyingi ndiye yule wa hisa moja. Basi mwisho wa mwaka, furaha ya mgao wa mmoja imetoka kwa sehemu kwenye homa ya mtoto wa mwingine. Sisemi mfute riba leo. Sanduku lisilokua nalo halimsaidii mtu. Nasema mkae, mhesabu, na mtenganishe mkopo wa biashara na mkopo wa msiba.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama hiki katika daraja lake la nne, na inataka visajiliwe. Mmesajiliwa, cheti kipo ukutani, hongereni sana. Namna ya kubisha hodi kwa mwenzako haimo katika cheti. Hiyo mnaiandika wenyewe kwenye katiba, na katiba yenu inaruhusu kifungu chochote kibadilishwe wajumbe wakikubaliana. Kifungu cha kukamata mali kimeandikwa mistari miwili tu. Hakisemi waende wangapi, hakisemi wasimame wapi, wala hakitaji vitu visivyoguswa. Naomba kikutano cha Alhamisi ijayo kiongeze maneno hayo, na mwanya wa miezi miwili kwa aliyefiwa au aliyeuguliwa, bila faini.

Yuko mwenzetu mmoja ambaye hayuko hapa leo. Nilikwenda kwake juzi, nikasimama nje, akanikaribisha mwenyewe. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akajibu, sema mama, jina tu usiseme. Anadaiwa, hakatai, na daftari lake amelitunza. Anataka kulipa. Cherehani yake iko stoo ya kikundi tangu Machi, imefunikwa gunia. Yesu alitufundisha katika Luka sura ya 15 habari ya mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja, akawasha taa, akafagia nyumba mpaka akaipata. Hakusema tisa zinatosha. Tena katika Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Injili hiyo, marafiki na majirani aliowaita kufurahi naye wametajwa kama wanawake.

Shule zinafunguliwa Januari, na sare hushonwa Desemba. Zimebaki wiki tatu. Ufunguo wa stoo anao Mama Mweka Hazina, na baba zetu wale wa viti vya nyuma wana nguvu za kubeba. Nyumba mnaijua. Mkifika, pigeni hodi, msubiri nje mpaka afungue.