Kati ya Barua na Geti la Chuo

Maneno ya Kamati ya Elimu katika chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam



Tumepewa dakika kumi. Mshereheshaji ametuonya kwamba mhasibu akishika kipaza sauti husoma namba mpaka wali unapoa, kwa hiyo tutasoma namba chache tu.

Kila mwaka katika kijitabu hiki tumeandika idadi ya vijana "waliofadhiliwa". Leo tunaomba kulieleza neno hilo, kwa sababu tumelitumia vibaya.

Mwaka juzi binti mmoja wa Lukuledi alichaguliwa kusomea uuguzi katika chuo kilicho nje ya mkoa wetu. Masomo manne yanayotakiwa alikuwa nayo, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo, na wengi wetu hapa tukisema ukweli tulizikimbia hizo. Barua ilipotoka, baba yake alitupigia simu siku ile ile. Fedha ilikuwepo benki. Lakini tulikuwa na watia saini watatu: mmoja alikuwa safarini Dodoma, wa pili alikuwa msibani, na wa tatu akasema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kusaini bila muhtasari wa kikao. Kikao kikakaa baada ya wiki tatu. Binti alipofika chuoni usajili ulikuwa umefungwa. Akarudi Masasi na godoro lake jipya, bado liko kwenye nailoni.

Kwenye vitabu vyetu vya mwaka ule yumo katika orodha ya waliofadhiliwa, maana kikao kilikuwa kimeshapitisha jina lake. Hesabu zilikaguliwa, zikaonekana safi. Sisi tulioshika kalamu ndio tuliozipanga, na tunawaambia wenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine.

Tangu hapo tumekaa na wazazi na vijana, mmoja mmoja, kuuliza nafasi zinapotelea wapi. Kuchaguliwa ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Katikati pana njia fupi, ila ina mashimo mengi.

Shimo la kwanza ni majina, na hili ni la kwetu hasa. Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde, mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na wengi hapa tumelelewa na wajomba. Kliniki mama aliandika jina la baba. Shule ya msingi aliyempeleka ni mjomba, mwalimu akaandika jina la mjomba. Mtoto anamaliza kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, matokeo ya NECTA yanasema vile. Karani wa chuo hamjui mjomba wako. Mara nyingi dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, si kazi kubwa, lakini haifanyiki asubuhi ya safari. Na wapo wasio na cheti cha kuzaliwa kabisa. Hao waanze mapema kwa mtendaji wa kijiji, kisha waende kwenye huduma za RITA wilayani, wasingoje barua ya chuo.

Shimo la pili ni kalenda. Vyuo vingi vya kati hufunguliwa kati ya Septemba na Oktoba. Minada ya korosho huanza Oktoba, halafu fedha ipite chama cha msingi ndipo imfikie mkulima. Mzazi wa Chikundi ana mali ghalani yenye thamani ya ada mara tatu, na mfukoni hana nauli. Huyo si maskini wa kuhurumiwa. Sisi wahasibu tunalijua tatizo lake, ni la mzunguko wa fedha, kampuni kubwa nazo huugua ugonjwa huo huo na hukimbilia benki. Yeye hukimbilia kangomba, anauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa.

Tena mara nyingi ada siyo inayomshinda. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Kinachomrudisha kijana ni vile vitu vya kwenye fomu ya kujiunga: uchunguzi wa afya, picha za pasipoti, sare, bima, vifaa vya fani, godoro, ndoo, nauli. Hakuna mfadhili anayependa kupiga picha akikabidhi ndoo.

Tuliseme na hili, ingawa litawaudhi wachache. Tumekuwa na kiburi juu ya vyuo. Mtoto asiyepata ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ambao ndio mlango wa kawaida wa astashahada, tumekuwa tukimwambia arudie mtihani au akauze duka Kariakoo. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi tunacho Masasi, na tumekizoea mpaka hatukioni. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo vya Sweden. Viko zaidi ya 50 nchini, na vilikusudiwa tangu mwanzo kwa watu wazima na vijana waliokosa njia nyingine, hata aliyeishia darasa la saba. Baadhi yake humpokea binti aliyezaa akiwa shuleni pamoja na mtoto wake. Katika harambee zote tulizofanya, hatujawahi kumlipia hata mtu mmoja huko.

Yule binti wa Lukuledi mwaka uliofuata aliomba tena uuguzi, hakuchaguliwa. Akaingia chuo cha maendeleo ya wananchi kwa fedha za baba yake, anasoma umeme wa majumbani. Mwezi uliopita amefunga taa nyumbani kwa mama wa mmoja wetu kule Mtandi, na zinawaka. Lakini alichoomba kilikuwa uuguzi, na deni lile bado ni letu.

Sasa ombi. Tunataka Sh 12,000,000, ambazo ni Sh 400,000 kwa vijana 30. Zitakaa kwenye akaunti yake peke yake, watia saini wawili, wote wakazi wa Masasi mjini. Barua ikionekana, malipo yanatoka ndani ya siku tatu, bila kusubiri kikao. Ada italipwa chuoni moja kwa moja kwa kontrol namba, na kabla ya kulipa tutahakiki kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, maana matapeli nao wanajua msimu. Nauli na vifaa vitatumwa kwa simu. Mzazi mwenye korosho atarudisha baada ya mnada, bila riba. Asiye na shamba hatarudisha, na hatutamtangaza.

Mwakani kwenye kijitabu hiki hamtaona tena neno "waliofadhiliwa". Mtaona safu mbili: waliopata barua, na waliosajiliwa. Safu zikipishana, mtuulize, na mtutaje kwa majina.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza karibu na mlango, pamoja na kitabu cha stakabadhi. Anayeahidi leo aandike na tarehe ya kulipa, iwe kabla ya mwisho wa Agosti. Na wale wenye watoto au wapwa waliomaliza kidato cha nne, kwenye meza ya pili yupo wakili, ndugu yetu wa Ndanda. Amekuja na muhuri wake na hatoi bili usiku huu. Mpelekeeni vyeti mlivyonavyo akavitazame majina kabla hamjaenda kwenye chakula.