Mtaji wa Mbunifu na Fedha za Hazina



Mwaka 1991 Mwingereza aitwaye Trevor Baylis alitazama katika televisheni habari za kuenea kwa UKIMWI barani Afrika, akasikia kwamba mafundisho ya afya hayawafikii wanavijiji wengi kwa sababu betri za redio ni ghali. Akaingia karakanani mwake, akaunda redio ya kuzungushwa kwa mkono, isiyohitaji betri wala umeme. Mfano wake wa kwanza ulisema kwa dakika 14. Hata hivyo viwanda alivyoviendea vilimkatalia kimoja baada ya kingine. Ni baada ya kifaa hicho kuonyeshwa katika kipindi cha BBC mwaka 1994 ndipo wenye fedha walipojitokeza, na redio hizo zikaja kutengenezwa Cape Town.

Mbunifu wa bidhaa si kama mwenye duka, ambaye huuza leo alichonunua jana. Kabla hajauza hata kimoja hana budi kuchora, kuunda mfano, kuuvunja, kuunda mwingine, kisha kulipia kalibu za chuma za kumiminia plastiki, ambazo ni ghali na hazifai kwa kazi nyingine yoyote. Benki hutaka dhamana, naye dhamana yake ni michoro. James Dyson, ambaye leo ni tajiri mkubwa, aliunda mifano 5,127 ya mashine yake ya kufyonza vumbi kabla hajaridhika, na miaka hiyo aliishi kwa madeni.

Ili kuziba pengo la namna hiyo, Serikali ya Uingereza imekuwa ikitumia nafuu ya kodi tangu mwaka 1981. Mpango wa sasa kwa kampuni zilizo changa kabisa ulianza Aprili 2012, nao hujulikana kwa herufi SEIS. Mwananchi anayenunua hisa mpya za kampuni kama hiyo hurudishiwa asilimia 50 ya fedha alizotoa kwa kupunguziwa kodi yake ya mapato. Tangu Aprili 2023 mtu mmoja aweza kuweka hadi paundi 200,000 kwa mwaka, na kampuni yaweza kupokea hadi paundi 250,000 kwa jumla. Kampuni iwe na wafanyakazi pungufu ya 25, biashara yake isiwe imezidi miaka mitatu, na mnunuzi asimiliki zaidi ya asilimia 30. Hisa zishikwe miaka mitatu. Akiziuza baadaye kwa faida, faida hiyo haitozwi kodi.

Yafaa hesabu hii itazamwe kwa makini. Tajiri anayetozwa kodi ya asilimia 45 akiweka paundi 10,000, hurudishiwa 5,000. Kampuni ikifa, zile 5,000 zilizobaki huhesabiwa kuwa hasara, naye hupunguziwa kodi nyingine ya paundi 2,250. Hasara yake halisi ni 2,750. Zilizosalia, yaani 7,250, zimebebwa na Hazina. Kampuni ikistawi, faida yote ya hisa ni yake. Mwalimu wa Uingereza, ambaye kodi yake hukatwa kabla hajauona mshahara, hakukatazwa kuingia katika mpango huo. Ila huingia mwenye akiba ya kupoteza, na si walimu wengi walio nayo.

Je, basi ni zawadi kwa mabepari? Historia yaonyesha kwamba yaweza kuwa hivyo upesi sana. Mpango uliotangulia, ulioanza mwaka 1983, ulikusudiwa kukuza biashara ndogo. Mwaka 1988 ukafunguliwa kwa kampuni za nyumba za kupangisha, na fedha nyingi zikakimbilia huko kwenye matofali, mahali ambapo hatari ni ndogo. Ulifungwa mwishoni mwa 1993. Hata mipango iliyofuata ilipata wajanja wake, hata sheria ya mwaka 2018 ikaweka sharti kwamba mtaji uwe kweli katika hatari ya kupotea na kampuni iwe na nia ya kukua. Kwa maneno mengine, Serikali ilibidi iwaamuru mabepari wawe mabepari.

Lipo sharti jingine linalowagusa wabunifu hasa, nalo huwanasa wasio na mwanasheria. Kampuni inayoishi kwa mrabaha na ada za leseni kwa kawaida haistahili nafuu hiyo. Huruhusiwa tu ikiwa sehemu kubwa ya thamani ya uvumbuzi ule imeundwa na kampuni yenyewe. Sasa, mbunifu wengi wao huanza peke yake, usiku, mezani kwake. Hataza huandikwa kwa jina lake, kisha ndipo kampuni huundwa ili kutafuta fedha. Akikusudia kuwapa wenye viwanda leseni ya kutengeneza kifaa chake, huenda akakuta mlango umefungwa, si kwa ubaya wa kifaa bali kwa tarehe ya karatasi. Kosa kama hilo halitokani na uvivu wala udanganyifu, na ni vigumu kuona umma unalindwa na nini hapo.

Wapo wanaosema kwamba Hazina, ikiwa inabeba hasara, na ipewe hisa. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa Uingereza. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Serikali ilikopesha kampuni changa kwa mikopo iliyoweza kugeuzwa hisa, sharti wenye fedha binafsi watoe angalau kiasi kilekile. Hivyo umma ukawa mwenye hisa katika mamia ya kampuni, hata katika klabu ya mpira ya Bolton Wanderers. Lakini kwa kuwa nafuu ya SEIS hutolewa kwa hisa wala si kwa mikopo, waliozoea kurudishiwa nusu ya fedha zao hawakuipata kwa fedha walizoweka huko, nao walilalamika sana.