Kijana, Video ya Darsa ni Amana



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, ikifika Ramadhani misikiti yetu ya pwani hujaa darsa. Baada ya alasiri kuna tafsiri ya Qur'ani, baada ya tarawehe kuna mawaidha. Na siku hizi hukosi kumuona kijana mmoja amekaa pembeni na simu au kamera, anarekodi. Mazungumzo yangu ni na huyo kijana, na wazazi wake pia, ambao wanamuona akikesha mbele ya kompyuta na hawajui anahangaika na nini.

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa, na mafunzo yake yakawafikia hata wale wasioweza kukaa mbele yake. Chombo chake kilikuwa karatasi, chetu ni video. Lakini fahamu tofauti moja. Karatasi ikiharibika, mwandishi huandika tena. Darsa ya mzee wa miaka themanini ikipotea mikononi mwako, huenda usiipate tena mpaka Kiyama. Kwa hivyo kuhariri video si mchezo wa vijana wanaopenda kompyuta. Ni amana, na amana ina utaratibu wake.

Jambo la kwanza, jua faili yako iko wapi. Wengi wanaoanza kujifunza hudhani kwamba ukiifungua video kwenye programu ya kuhariri, basi imeingia ndani ya programu ile. Sivyo. Iwe ni Kdenlive, Shotcut, DaVinci Resolve au Adobe Premiere, ile projekti unayohifadhi ni maagizo tu: chukua faili fulani, kwenye folda fulani, anzia dakika ya tatu, kata dakika ya tano. Video yenyewe iko palepale ulipoiacha. Ndio maana ukichomoa flashi, au ukibadilisha jina la folda, kesho yake programu hukwambia faili haionekani. Hapo kijana hupiga kelele, "Kazi yote imepotea!" Haijapotea, ndugu yangu. Sisi tuliosoma madrasa tunajua isnadi: mpokezi mmoja akikosekana, mlolongo umekatika. Hapa pia mlolongo ndio uliokatika. Irudishe faili mahali pake, au ionyeshe programu mahali ilipo sasa, na kazi itarudi kama ilivyokuwa. Balaa ni yule ambaye kwa hofu anafuta kila kitu ili aanze upya.

Basi kabla ya kukata hata sekunde moja, weka folda moja kwa kila darsa, nakili faili zote humo, kisha usizihamishe. Na faili asili weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na nakala moja iwe nyumba nyengine. Kompyuta ikiibiwa, darsa ingali ipo.

Hapa kuna kikwazo kinachowatesa wengi. Flashi ina nafasi ya gigabaiti 32, faili ni gigabaiti 7, lakini inakataa kunakili. Tazama flashi imepangwa kwa mfumo gani. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Na piga hesabu: ukirekodi kwa megabiti 16 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 2 kila sekunde, 120 kila dakika, na darsa ya saa moja ni gigabaiti 7 na ushee. Dawa yake ni kuipanga flashi upya kwa mfumo wa exFAT. Lakini zingatia sana, kuipanga upya ni kufuta vyote vilivyomo. Toa vitu vyako kwanza.

Jambo la pili, mashine ikikataa, usiguse mambo matano kwa pamoja. Ukibadilisha matano na tatizo likaondoka, hujui ni lipi lililotibu, na likirudi uko palepale. Qur'ani imetufundisha, katika Suratul Hujurat aya ya 6, tuhakikishe habari kabla ya kuchukua hatua. Tabia hiyo ifuate hata mbele ya kompyuta. Soma ujumbe ulioandikwa kwenye skrini kabla ya kuufunga. Toa nakala ya projekti, ufanye majaribio kwenye ile nakala. Kisha badilisha kitu kimoja tu, utazame.

Tuchukue mfano wa sauti kupishana na midomo. Uliza kwanza: imepishana kiasi kilekile toka mwanzo mpaka mwisho? Ikiwa ndio, isogeze sauti mara moja, umemaliza. Lakini ikiwa mwanzo iko sawa na kadiri darsa inavyoendelea inazidi kupishana, huo ni ugonjwa mwengine. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja. Mwangaza ukipungua, au simu ikipata moto, kasi hubadilika, na kuna programu za kuhariri ambazo bado hutatizika na hali hiyo. Ipitishe faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi ya fremu isiyobadilika, kisha hariri nakala itakayotoka. Ile asili ibaki salama.

Je, picha inakwama kila ukitazama? Usikimbilie kumuomba baba kompyuta mpya. Video za siku hizi hubanwa sana ili zichukue nafasi ndogo, na kompyuta inapata kazi kubwa ya kuzifungua kila mara. Programu nilizozitaja zina njia ya kutengeneza proksi, yaani nakala hafifu ya kufanyia kazi. Unakata na kuunga kwa ile hafifu, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi kwenye faili asili.

Na ikiwa video ya mwisho inakataa kutoka, inafika katikati na kusimama? Angalia kwanza kama diski imejaa. Ikiwa nafasi ipo, toa nusu ya kwanza peke yake, kisha nusu ya pili. Inayokataa ndiyo yenye ila. Igawe tena mara mbili, na tena. Ukigawa mara tano, darsa ya saa moja imebaki kipande kisichozidi dakika mbili, na hapo mkosaji utamuona kwa macho.

Jambo la tatu, jifunze kwa mpango. Chuoni hatukuanza na tajwidi. Tulianza na alifu na be, tukaja irabu, tukaunganisha maneno, kisha ndio tukaingia Juzuu Amma. Kijana leo anafungua programu, siku ya kwanza anataka herufi za moto na mwezi unaozunguka. Wiki ya kwanza jifunze kukata na kuunga. Wiki ya pili sauti tu, kwa sababu darsa isiyosikika haina faida hata picha ikiwa nzuri. Wiki ya tatu maandishi, na ya nne kutoa faili itakayofunguka kwenye simu ya bibi yako. Na kila siku rudia ya jana, kama tulivyokuwa tukifanya muraja'a mbele ya maalim.

Tena, usianze na programu ya kuiba. Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilikubali kwamba haki za utungaji na ubunifu ni haki zinazolindwa na sharia na haifai kuzivamia. Tena programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi. Kdenlive na Shotcut ni bure na halali, na DaVinci Resolve ina toleo la bure, ingawa hiyo inataka kompyuta yenye nguvu. Vipi tueneze mawaidha ya halali na haramu kwa chombo tulichokiiba?

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa zaidi. Fikiria Suratul Maun. Msomaji akisimama kwenye aya ya nne asiendelee na ya tano, msikilizaji ataelewa kwamba wanaoswali wote wameonywa kwa adhabu, ilhali onyo ni kwa wanaopuuza swala zao. Hakuna neno lililobadilishwa. Kisimamo tu. Wewe mwenye kuhariri, kazi yako yote ni visimamo. Sheikh anasema, "Wako wanaodai jambo hili linafaa," kisha anaeleza kwa nini halifai. Ukikata kipande cha sekunde thelathini kwenye "linafaa," umemsemesha asilosema, na kabla ya futari kipande kimezunguka mji mzima. Atatukanwa mzee wa watu, na familia zitagombana, kwa sababu ya kidole chako.

Kwa hivyo kabla ya kutoa kipande kifupi, sikiliza dakika tano za kabla yake na dakika tano za baada yake. Andika kimetoka darsa ipi na tarehe gani, na darsa nzima iwepo mahali watu wataweza kuisikiliza. Ikiwa una shaka, mpelekee sheikh mwenyewe umuulize, "Maalim, hapa nimekuelewa sawasawa?" Na asipopatikana, kiache. Kuchelewa hakuna madhambi.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azikubali funga zetu na swala zetu, awape masheikh wetu umri mrefu wenye afya, na atujaalie sisi vijana kuwa waaminifu kwa ilimu yao. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.